Kijiji cha Mierebi Kando ya Mto Dnieper

Mwezi huu twawaalika kusafiri pamoja nasi kwa mawazo mpaka nchi ya Ukraine, tukitazame kijiji kimoja cha wakulima. Si kijiji kikubwa, wala hakina jumba la kifalme wala soko lenye sifa. Twakitaja kwa sababu mambo yaliyowapata watu wake ni mengi kupita ukubwa wake. Katika muda wa miaka 240 wameitwa raia wa dola hii na dola ile, na kila dola ilipofika iliwadai utii, mara nyingi iliwadai na mali, na mara nyingine iliwadai hata watoto wao. Mwalimu aliye na ramani ya Ulaya na aitundike ukutani, watoto wasogee karibu.

MAHALI PENYEWE

Mto Dnieper watoka Urusi, wapita Belarus, kisha waingia Ukraine na kuupita mji mkuu wa Kyiv, ukiteremka kusini mpaka Bahari Nyeusi. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 2,200. Karibu na mwisho wa safari yake, upande wa kuume, upo mji mdogo uitwao Beryslav. Mtu akitoka hapo akaufuata mto kuelekea ulikotoka, hachukui muda mrefu kufika katika kijiji cha Zmiivka. Nchi ile ni tambarare, nyika pana isiyo na milima, yenye upepo mwingi. Udongo wake wazaa vizuri mvua ikinyesha, lakini mvua yenyewe ni haba. Watu hulima ngano na mizabibu, na matikiti ya jimbo la Kherson yasifiwa katika Ukraine yote. Wakati wa baridi theluji huifunika nchi. Wakati wa joto jua huichoma.

Zamani nyika hiyo haikuwa na vijiji vingi. Watatari walilisha farasi wao humo, Wakozaki wa Zaporizhzhia walivua samaki mtoni na kupigana, na Waturuki walikuwa na ngome pale palipo Beryslav sasa. Lakini mwaka 1774 Warusi waliwashinda Waturuki, na mwaka 1775 Malkia Catherine wa Pili wa Urusi aliivunja ngome kuu ya Wakozaki. Basi Malkia akawa na nchi pana isiyo na wakulima wa kutosha, akatafuta watu wa kuijaza. Ndipo alipowakumbuka watu fulani wa kisiwa cha mbali.

WATU WA KISIWANI

Katika Bahari ya Baltiki, pwani ya Estonia, kiko kisiwa kiitwacho Hiiumaa, ambacho Waswidi hukiita Dagö. Tangu zamani walikaa huko wakulima na wavuvi wenye kusema Kiswidi, Wakristo wa madhehebu ya Kilutheri. Wakati mfalme wa Uswidi alipoitawala Estonia, watu hao walikuwa huru. Hawakuwa watumwa wa bwana wa shamba. Lakini mwaka 1721, baada ya vita virefu, Uswidi ilimwachia Kaisari wa Urusi nchi hiyo yote. Wakulima hawakuondoka mahali pao hata hatua moja, ila walilala wakiwa raia wa mfalme mmoja, wakaamka wakiwa raia wa mwingine.

Mabwana wa mashamba wakaanza kuwabana. Wakulima wakashika hati zao za zamani na kusema, “Sisi tu watu huru.” Ugomvi na bwana wao, wa ukoo wa Stenbock, ukaendelea mpaka habari zikafika kwa Malkia. Hukumu yake ilikuwa hii: waondoke kisiwani, waende kusini, wakapewe ardhi na nyumba kando ya mto Dnieper. Wako wanaoandika kwamba watu walikubali kwa hiari, nao wako wanaoandika kwamba walifukuzwa. Sisi twasema hivi: mtu asiyeruhusiwa kubaki, hiari yake ni ndogo.

Mwezi wa Agosti 1781, watu yapata 1,000 walianza safari, wazee kwa watoto. Kutoka kisiwani mpaka kule kusini ni zaidi ya kilomita 1,500 hata kwa mstari ulionyoka, na njia ya miguu na mikokoteni haikunyoka. Majira ya baridi yakawakuta njiani, wakayapisha katika nchi ya Poltava. Walifika mtoni tarehe 1 Mei 1782, wakiwa wamebaki nusu na zaidi kidogo tu. Walipofika wakatafuta nyumba walizoahidiwa, wasizione. Nyika ilikuwa tupu. Kukawa na magonjwa, na maji mabaya, na baridi ya mwaka wa pili. Kitabu cha kanisa chaonyesha ya kuwa mwezi wa Machi 1783 waliokuwa hai walikuwa 135.

Twaomba msomaji asiipite hesabu hiyo upesi. Katika kila watu saba walioagana na kisiwa, hata wawili hawakusalia. Na kijiji hiki hakikuanza kwa shamba; kilianza kwa makaburi.

KITABU, SHULE NA KANISA

Waliosalia walikiita kijiji chao Gammalsvenskby, maana yake Kijiji cha Zamani cha Waswidi. Baadaye waliongezewa mateka wachache wa vita, askari wa Kiswidi waliokamatwa na Warusi, nao wakaoa hapo. Kuanzia miaka ya 1804 na 1805 serikali ikaleta na Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, ikawapa mahali pa kujenga vijiji vitatu kando ya kile cha Waswidi. Viwili vilikuwa vya Walutheri, na kimoja kilikuwa cha Wakatoliki. Ardhi waliyopewa Waswidi ikapunguzwa kwa ajili ya majirani hao wapya, na ugomvi wa mashamba na wa uvuvi ulidumu miaka mingi. Hata hivyo walizikana, wakaoana, na kusali pamoja.

Jambo la ajabu ni kwamba watu wachache hivyo hawakumezwa. Hawakuwa na jeshi wala mfalme wa kuwatetea. Walikuwa na Biblia ya Kiswidi na kitabu cha nyimbo, na desturi ya kumfundisha mtoto kusoma. Mara nyingi hawakuwa na mchungaji. Hapo mwalimu wa shule ndiye aliyewasomea neno siku ya Jumapili, akawazika wafu na kuandika majina yao. Nyumbani walisema lahaja ya babu zao wa kisiwani, na kanisani walisoma Kiswidi cha kitabu. Sokoni walisema Kirusi na Kiukraine, na kwa jirani Kijerumani. Mtoto wa kijiji hicho alikua na lugha nne kinywani, na kila lugha alijua mahali pake.

Uswidi yenyewe ilikuwa karibu kuwasahau. Katika karne ya 19 wasafiri na wataalamu wa lugha kutoka Finland na Uswidi walifika, wakastaajabu kusikia Kiswidi cha kale katika nyika ya Kiukraine. Waliporudi kwao wakaeneza habari, sadaka zikachangwa, na mwaka 1885 kanisa la mawe likawekwa wakfu, likapewa jina la Mtakatifu Yohana. Likasimama juu ya ukingo, mto ukionekana chini.

MAJINA YANABADILIKA

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Urusi ilipigana na Ujerumani, na majina ya kigeni yakawa kama hatia. Kijiji cha Waswidi kikaitwa Verbivka, jina litokalo katika neno la Kiukraine la mti wa mwerebi. Kijiji kimoja cha Wajerumani, ambacho jina lake lilikuwa na maana ya kijiji cha nyoka, kikaitwa Zmiivka, maana yake ile ile kwa lugha ya nchi. Baadaye vijiji vyote vinne vikaunganishwa kuwa kimoja kwa jina hilo la Zmiivka.

Mwaka 1917 Kaisari akaanguka. Kuanzia hapo mpaka mwaka 1920 mkulima wa sehemu zile hakujua asubuhi atamsalimu nani. Serikali ya Ukraine ilitangazwa Kyiv. Wakaja Wajerumani na Waaustria. Wakafika Wafaransa na Wagiriki Kherson. Wakapita majeshi ya Weupe, na majeshi Mekundu ya Wabolsheviki. Mwaka 1920 vita vikali vilipiganwa Kakhovka, ng'ambo tu ya mto. Kila jeshi lilitaka farasi, ngano na vijana. Waliposhinda Wekundu ikafuata njaa ya kuanzia mwaka 1921, na msaada wa chakula ukaletwa kutoka Uswidi na Chama cha Msalaba Mwekundu.

Dola mpya ya Kisovieti hapo mwanzo iliwaachia watu lugha zao, lakini haikupenda kanisa, wala haikupenda mkulima kuwa na shamba lake mwenyewe. Watu wakaona mlango unafungwa polepole. Mwalimu wao Kristoffer Hoas, aliyekuwa pia mlezi wa usharika, alikuwa miongoni mwa walioomba kwa bidii kijiji chote kiruhusiwe kurudi Uswidi.

KURUDI NYUMBANI WASIKOZALIWA

Ruhusa ikapatikana. Katika Uswidi fedha zikachangwa, na mwezi wa Julai 1929 watu yapata 880 wakafunga mizigo, wakashuka mto, wakavuka Bahari Nyeusi kwa meli, na kupita Ulaya kwa gari la moshi. Tarehe 1 Agosti 1929 wakafika bandari ya Trelleborg. Umati ulikuja kuwalaki, na mkuu wa Msalaba Mwekundu, Prince Carl, akawakaribisha. Tangu babu zao wawe raia wa Urusi ilikuwa imepita miaka 208.

Tungependa kuishia hapo, kwa furaha. Lakini habari za kweli huendelea baada ya nyimbo kuisha. Watu hao walikuwa wakirudi nyumbani ambako hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa. Walitawanywa katika mashamba ya wenyeji, jamaa huku na jamaa kule, ili wajifunze ukulima wa nchi. Waliozoea nyika pana waliona mashamba madogo yenye mawe. Waliozoea kusikilizana kijiji kizima walikaa peke yao, na wenyeji wakacheka matamshi yao. Wengi wakavumilia, na baada ya muda wakapata mashamba, hasa katika kisiwa cha Gotland, ambako wajukuu wao wametunza nyumba ya ukumbusho mahali paitwapo Roma. Wengine walikwenda Kanada, ambako baadhi ya ndugu zao walikwisha kutangulia. Na wengine, yapata watu 250, walirudi Ukraine kati ya mwaka 1929 na 1931.

Kwa nini walirudi? Wako waliovutwa na maneno ya wakomunisti, kwamba kule mkulima sasa ni bwana. Wako waliokuwa na mzazi au ndugu aliyebaki. Na wako waliotamani tu mto wao. Mwenye kuwahukumu na ajiulize kwanza: mtu aliyezaliwa kando ya mto Dnieper, na mama yake kazikwa huko, kwao ni wapi?

MIAKA YA GIZA

Waliorudi walikuta mambo mengine. Mashamba yalikuwa yamekusanywa kuwa shamba moja la ushirika wa lazima, liitwalo kolkhoz, nalo likapewa jina la Chama cha Kikomunisti cha Uswidi. Serikali ilidai nafaka kwa hesabu isiyopungua hata mavuno yakipungua, na waliokosa walinyang'anywa hata akiba ya jikoni. Mwaka 1932 na 1933 njaa kubwa ikaishika Ukraine, nayo haikutoka mbinguni bali katika amri za watu. Waukraine wenyewe waiita Holodomor, yaani mauaji kwa njaa. Waliokufa katika nchi yote walipita milioni tatu. Kijijini watu waliomba tena kwenda Uswidi. Safari hii jibu lilikuwa gereza kwa waliohesabiwa kuwa viongozi. Katika miaka ya 1937 na 1938 askari wa siri walichukua watu usiku, wengine wakauawa. Kanisa lilifungwa, likafanywa nyumba ya mikutano na michezo, na mnara wake ukaondolewa.

Mwaka 1941 likaja jeshi la Hitler. Wanakijiji, kwa kuwa walikuwa wa asili ya Kiswidi na Kijerumani, hawakutendewa kama Wayahudi wa nchi ile, waliouawa kwa maelfu na maelfu. Jambo hilo lazima lisemwe, maana si vema kusimulia mateso ya mtu mmoja na kunyamazia ya jirani yake. Mwaka 1943 Wajerumani walipoanza kushindwa, waliwahamisha wanakijiji kuelekea magharibi. Vita ilipokwisha mwaka 1945, baadhi walifaulu kufika Uswidi, lakini wengine walishikwa na Wasovieti, wakapelekwa kazi za shuruti katika misitu ya Komi, kaskazini kabisa, kwenye baridi kali. Mwaka 1947 waliosalia waliachiliwa, wakarudi tena kijijini. Kwa watu wengine hiyo ilikuwa mara ya pili kurudi mahali pale pale.

Wakati huo kijiji kilikuwa kimejaa watu wengine. Na mwaka 1951 wakaletwa wageni tena: Waboiko, Waukraine wa milimani upande wa magharibi, waliohamishwa kwa nguvu kwa sababu Urusi ya Kisovieti na Poland zilibadilishana vipande vya ardhi. Nao hawakuulizwa. Basi wajukuu wa watu wa kisiwani na watu wa milimani walikutana katika barabara moja, wote wakiwa wamesukumwa na kalamu ya mtu wasiyemjua.

MTO WAPANDA, MTO WASHUKA

Baada ya miaka michache hata mto ulibadilishwa. Ukuta mkubwa ukajengwa Kakhovka ili kupata umeme na maji ya kumwagilia mashamba, na katikati ya miaka ya 1950 maji yakapanda nyuma yake, yakawa ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Ardhi ya bondeni kandokando ya mto ikazama.

Mwaka 1991 Ukraine ikawa dola huru. Kanisa likawa nyumba ya sala tena, likapambwa kwa desturi ya Kiorthodoksi, na Walutheri nao wakakusanyika upya. Vikongwe wachache walikuwa bado wakisema lahaja ya Dagö, na wataalamu wakaja kuandika maneno yao kabla hayajaenda nao kaburini. Mwaka 2008 Mfalme Carl XVI Gustaf na Malkia Silvia wa Uswidi walikitembelea kijiji. Tangu mwaka 1721, huyo alikuwa mfalme wa kwanza wa Uswidi kuja kuwasalimu watu waliopotezwa na mtangulizi wake.

Mwaka 2022 Urusi ikaishambulia Ukraine kwa nguvu zote, na tangu mwezi wa Machi kijiji kikawa mikononi mwa askari wa Kirusi. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo jeshi la Ukraine likaurudisha ukingo wote wa kuume, na bendera ikabadilishwa mara nyingine. Lakini mto ukawa mpaka wa majeshi mawili, na makombora yakaruka kutoka ng'ambo. Watu wengi wakakimbia. Kisha tarehe 6 Juni 2023 ukuta wa Kakhovka ukabomolewa. Maji yakaangamiza vijiji vya upande wa chini, na lile ziwa lililokuwa mbele ya Zmiivka likatoweka, mto ukirudi katika njia yake ya zamani.

NENO KWA NYUMBA NA KWA WALIMU

Tumehesabu pamoja nanyi: mfalme wa Uswidi, Kaisari wa Urusi, majeshi ya miaka ya mapinduzi, Wasovieti, Hitler, Wasovieti tena, Ukraine huru, Urusi, na Ukraine. Hakuna hata moja ya dola hizo iliyokosa kutoa ahadi. Ile ya Kaisari wa Urusi iliahidi nyumba penye nyika tupu, na ahadi hiyo iliua watu wengi kuliko upanga. Mwenye kutawala na akumbuke kwamba neno lake huchukuliwa na mtu maskini kama chakula cha njiani. Likiwa tupu, mtu hufa.

Tena twaona kitu kilichowatunza watu hao muda mrefu hivyo, nacho ni kidogo: mwalimu aliyebaki, kitabu kilichosomwa nyumbani, na daftari lililoandikwa majina. Daftari hilo ndilo lituwezeshalo leo kusema 135, badala ya kusema wengi walikufa. Mwalimu wa shule ya kijijini, uandikapo majina ya wanafunzi wako jioni kwa taa ndogo, usiidharau kazi hiyo. Andika jina la mtoto kwa ukamilifu, na la baba yake na la mama yake, na mahali walipotoka. Na wazazi, waulizeni wazee majina ya waliotangulia, mkayaandike maadamu wako nanyi. Dola zikibadilika, hakuna mtu mwingine atakayewafanyia kazi hiyo.